Miche ya Namba Tisa

Mgeni alibisha mara moja tu, akaingia kabla hajakaribishwa, akaketi juu ya gunia.

Gunia halikuwa kosa lake. Sebule nzima ilikuwa magunia, yamepangwa kutoka dirishani hadi mlango wa chumba cha watoto, na viti vyote vilikuwa vimehamishiwa barazani tangu wiki iliyopita. Kilichosalia ni meza moja iliyobanwa ukutani, imetandikwa kitambaa cheupe ambacho mama mkwe alikitarizi mwenyewe enzi za ujana wake, na hakuruhusu mtu akiwekee hata kijiko.

"Wewe ndiye Mama Miche?" mgeni aliuliza.

"Ndiye mimi. Karibu, mama. Umetokea wapi?"

"Mbali. Gari la kwanza zima, la pili bovu, la tatu miguu yangu." Alikuwa mwanamke wa makamo, buti zake za mpira zimeganda tope hadi magotini. Alifungua kikapu, akatoa gazeti lililokunjwakunjwa, akaliweka juu ya kitambaa cheupe.

Mama Miche aliacha kunywa chai. Ilikuwa Jumapili asubuhi, siku pekee ambayo hakutakiwa kufikiria ngano, na mikunjo ya gazeti lile haikumpendeza. "Ndani kuna nini?"

"Ngano."

"Ngano yenye nini?"

"Hilo ndilo nimekuja kukuuliza wewe."

"Usifungue, mama! Tafadhali usi..."

Mgeni alikwisha kufungua. Majani makavu yalitawanyika, na vumbi la rangi ya matofali likapaa, likatulia taratibu juu ya kitambaa, juu ya chai, na juu ya mkono wa mama mkwe ambaye ndiyo kwanza alikuwa anatoka jikoni kuja kumsalimu mgeni.

"Kitambaa changu!" mama mkwe alipiga kelele. "Jamani! Huyu ni nani?"

"Mama, usikifute! Usikikung'ute! Nipe hapa!" Mama Miche alikusanya pembe nne za kitambaa, majani ndani na gazeti ndani, akafunga fundo. Hapo mumewe akaingia kutoka uani, kichwani kofia yake yenye nembo ya kituo cha utafiti wa ngano alikofanya kazi mkewe. Kofia hiyo alipewa siku alipochaguliwa kuwa mkulima wa kwanza kuzalisha mbegu mpya ya Namba Tisa, na tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita Mkulima wa Mfano. Wengine walimwita hivyo kwa heshima, wengine kwa kumchokoza, naye aliitika wote.

"Hiyo ni kutu?" aliuliza, macho yamemtoka. "Kutu ya ngano, ndani ya nyumba yangu, juu ya magunia yangu?"

"Kutu ni ukungu wa majani, haikai kwenye mbegu. Inataka jani bichi. Nimekwambia hilo mara mia."

"Na mimi nakwambia mara moja: itoke!"

"Itatoka. Majani nayafunga kwa ajili ya kazini, kitambaa nakichemsha sasa hivi. Na nguo zetu zote. Na mimi nioshe nywele kabla sijakanyaga kazini kesho, la sivyo nitaambukiza banda zima la miche." Aliketi ghafla juu ya gunia, amechoka kabla siku haijaanza. "Mama mgeni, uliyakata wapi majani haya?"

"Kwenye shamba letu la kikundi. Kando ya mto, kipande kidogo tulichopanda nje ya msimu kwa kumwagilia. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi, wanawake thelathini na mmoja." Aliyasema haya huku akimtazama Mkulima wa Mfano usoni. "Mbegu tulipewa na kituo chenu. Ni Namba Tisa."

Namba Tisa ndiyo iliyokuwa ndani ya magunia yote yale waliyoyakalia.

"Mmechanganya mbegu," mumewe alisema.

"Pakiti niliifungua mwenyewe, baba. Sikuchanganya hata punje."

Mama Miche alilegeza fundo kidogo, akachungulia bila kupumua. Majani yalikuwa mapana, ya juu kabisa, yale yanayotoka mwisho kabla ya suke. Vipele vilikuwa vikubwa, vimepasuka, vimejaa unga. Alitamani angeona kitu kingine.

Kazi yake kituoni ilikuwa kuitia miche ugonjwa makusudi. Majirani walimcheka kwa hilo: wenzio wanatibu, wewe unaambukiza! Lakini ndivyo inavyofanyika. Mche wa siku nane, wenye jani moja tu, unapuliziwa vumbi la kutu, na baada ya siku kumi na nne jani linatoa jibu. Likikaa safi, alama ni sifuri. Likitoa vipele vikubwa vyenye unga, alama ni nne. Badala ya kusubiri msimu mzima shambani, unajua mapema ni ngano ipi ina kinga na ipi haina. Kwa miaka sita alikuwa amesoma majani kwa kioo cha kukuzia mpaka jicho la kushoto likawa linamcheza.

"Magunia ya kikundi yamekwisha kuletwa," mwenyekiti alisema. "Yako ghalani. Tutayafungua Jumanne ya wiki ya nane kuanzia leo, kila mmoja achukue fungu lake akapande. Wenzangu wengine wamekodi mashamba. Mmoja ameuza ng'ombe wake wa mwisho. Nataka kujua kitu kimoja tu. Vumbi hili linaiua Namba Tisa, au haliiui?"

"Matokeo hutolewa na kituo, mama. Kwa barua."

"Barua tunazo, zinasema ni mbegu bora. Na simu zimetuambia mengi. Nimeambiwa kuna mtu anaitwa Mama Miche, haandiki asichokiona. Kama ni wewe, uje mwenyewe, tukuone uso."

Mumewe alikohoa kikohozi kile cha kumwambia asiseme neno. Mama Miche alikisikia vizuri kabisa.

"Nitakuja," alisema. "Kabla hamjafungua gunia la kwanza, nitakuja niwaambie nilichoona. Kiwe kizuri, kiwe kibaya."

"Haya," mwenyekiti alisema, akainuka, akaikung'uta sketi yake. Mama mkwe akaruka nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto.

*

Mkuu wa kituo alipenda kuitwa Daktari, naye alistahili, maana alikuwa amesoma sana na zamani alikuwa mtu wa shamba mwenye mikono michafu. Lakini siku hizi alikuwa mtu wa mikutano. Alimsikiliza Mama Miche akiwa amesimama, funguo mkononi.

"Mwanamke katoka porini na gazeti, nawe unataka nikupe chumba cha karantini?"

"Trei moja tu, Daktari."

"Namba Tisa imepimwa miaka minne."

"Imepimwa kwa kutu tuliyo nayo hapa. Labda hii ni kutu nyingine. Ikiwa ni nyingine, hatuijui."

Alitazama saa yake. "Trei moja. Na usiniletee maneno, niletee namba." Akageuka mlangoni. "Halafu Alhamisi kuna wageni. Utaandaa chai wewe, yule mhudumu ana likizo."

Mama Miche alikuwa ameajiriwa kwa mkataba wa msimu, msimu baada ya msimu, na barua ya ajira ya kudumu ilikuwa kwenye droo ya Daktari ikisubiri sahihi. Kwa hiyo alisema atashukuru kuandaa chai.

Trei aliipanga vizuri. Mistari mitatu ya Namba Tisa. Mstari mmoja wa Kumi na Saba, mbegu iliyokuwa imesahaulika kwenye kabati kwa sababu mavuno yake yalikuwa ya wastani. Na pembeni, mstari wa ngano ya zamani ambayo hushikwa na kila kutu iliyopo duniani. Hiyo wafanyakazi waliiita shahidi. Shahidi akiugua, unajua vumbi lilikuwa hai na kazi imefanyika sawasawa. Asipougua, huna jibu lolote, hata trei nzima ikiwa safi.

Nusu ya majani aliyafunga na kuyahifadhi kwenye friji. Nusu aliyakung'uta, akachanganya vumbi na mafuta mepesi, akalipulizia kwa bomba lake dogo la mkono. Bomba hilo lilikuwa zee. Mwezi uliopita alilipeleka nyumbani akazibua mdomo wake kwa sindano, kwa kuwa ombi la bomba jipya lilikuwa bado linazunguka ofisini. Akafunika trei kwa nailoni, akaacha unyevu ufanye kazi yake.

*

Siku ya kumi na nne kila jani lilikuwa safi.

Daktari alikuja mwenyewe kuangalia, akainama, akatabasamu kwa mara ya kwanza mwezi ule. "Sifuri! Nilikwambia. Andika sifuri mistari yote, tufunge jambo hili."

"Shahidi naye ni sifuri, Daktari."

"Ee?"

"Shahidi. Hajaugua."

"Basi mwaka huu shahidi amepona. Mpe pole kwa miaka yote aliyoteseka." Alicheka utani wake. Mama Miche hakucheka. "Andika," Daktari akasema, sasa bila kucheka.

"Nikiandika sifuri nitakuwa nimesema Namba Tisa ina kinga. Sijui kama inayo. Kitu fulani kimeua vumbi. Naomba nirudie, nusu ya majani bado ninayo."

"Rudia, rudia! Kila siku wewe ni kurudia. Mumeo anataka kupanda, kikundi kinataka kupanda, wizara inataka kupanda, isipokuwa binti wa trei!" Alimpokonya kalamu, akaandika mwenyewe juu ya fomu: *Safi.* Akatia sahihi. "Rudia ukitaka. Hii naituma."

Mama Miche alirudi nyumbani kwa miguu, akihesabu vitu vyote vinavyoweza kuua vumbi la kutu. Joto? Hapana. Ukavu? Nailoni ilikuwa na matone. Alifika akamkuta mama mkwe uani, anachuma nyanya, uso umechangamka.

"Mwanangu, hebu ziangalie! Zote zilikuwa zinataka kufa na ukungu. Leo zinanicheka."

"Zimepona vizuri, mama. Umezifanyia nini?"

"Mumeo kaninyunyizia dawa. Kwa lile bomba lako dogo, kabla hujalirudisha kazini. Zuri sana, linatoa moshi mwembamba kama manukato. Ukipata jingine niletee la kwangu."

Mama Miche aliketi chini, pale pale kwenye udongo.

"Umeumwa?" mama mkwe aliuliza.

"Siumwi, mama. Baba watoto yuko wapi?"

Mumewe alikuwa barazani, anapanga viti. Alikiri bila shida. Dawa ya ukungu, ndiyo; kidogo tu, kifuniko kimoja. Na bomba alilisuuza.

"Mara ngapi?"

"Nililisuuza."

"Nimekuuliza mara ngapi."

"Mara moja! Mke wangu, ni bomba, si kikombe cha mfalme!"

"Umetia dawa ya kuua ukungu ndani ya bomba ninalolitumia kubebea ukungu. Wiki mbili zangu. Nimekaa wiki mbili naangalia majani niliyoyatibu mwenyewe!" Sauti ilimpanda mpaka mtoto wa jirani akachungulia ukutani. "Ningeandika sifuri, ungepanda sifuri hiyo shambani kwako!"

"Kwani sifuri si ndiyo nzuri?" mumewe alisema, amechanganyikiwa kweli, na hapo Mama Miche alishindwa kujizuia akacheka, kicheko cha mtu aliyeishiwa.

*

Mara ya pili alinunua bomba jipya dukani, kwa fedha yake, na hakulipeleka nyumbani hata kwa dakika moja. Siku ya nane shahidi alianza kutoa madoa meupe. Siku ya kumi madoa yalipasuka. Mama Miche, ambaye kwa kawaida haongei na miche, alimwambia shahidi asante.

Jumatatu ya wiki ya nane alisoma trei nzima tangu asubuhi, jani kwa jani. Shahidi: nne. Namba Tisa, mstari wa kwanza: nne. Wa pili: nne. Wa tatu, nne, nne, tatu, nne. Unga ulikuwa mwingi kiasi kwamba ulibaki kwenye glavu. Alihamia mstari wa Kumi na Saba bila matumaini, akakuta vidoa vidogo vidogo vya kahawia, kama alama za ncha ya sindano, mahali ambapo jani lilijiua kidogo ili kutu isipate pa kula. Hakuna kipele hata kimoja. Aliangalia tena. Aliita fundi wa umwagiliaji aje aangalie, naye akasema haoni kipele, anaona tu jani lenye madoadoa. Mama Miche angeweza kumkumbatia.

Daktari hakuja bandani safari hii. Ilibidi Mama Miche ampelekee daftari ofisini, pamoja na maelezo ya bomba lililokuwa na dawa.

"Miche si ngano," Daktari alisema baada ya kusoma. "Unajua hilo kuliko mimi. Kuna ngano inayougua ikiwa changa, halafu ikikomaa inapata kinga yake. Utaua mbegu nzuri kwa sababu ya jani moja la siku nane?"

Lilikuwa neno la kweli, na lilimchoma kwa sababu lilikuwa la kweli. Mara mbili katika miaka sita alikwisha kuona mche uliopata nne ukisimama shambani bila doa.

"Ni kweli, Daktari. Ingekuwa miche peke yake ningenyamaza. Lakini majani aliyoleta yule mama hayakuwa ya miche. Yalikuwa ya juu, ya ngano iliyokwisha kutoa suke. Iliugua ikiwa changa hapa, iliugua ikiwa imekomaa kule. Kinga itaipata lini? Ikiwa mkate?"

Daktari alivua miwani. Kwa kitambo kidogo alionekana kama yule mtu wa zamani wa shambani. Kisha akaivaa. "Kamati inakaa baada ya miezi miwili. Itapelekewa. Mpaka hapo, hakuna neno linalotoka getini."

"Kesho wanafungua magunia."

"Nasema hakuna neno." Alivuta droo, akatoa barua, akailaza mezani bila kuigeuzia upande wa Mama Miche. "Imebaki sahihi yangu tu, naitia Ijumaa. Miaka sita, Mama Miche. Usinilazimishe."

Barua aliiona kichwa chini miguu juu. Hata hivyo aliweza kusoma jina lake. Akatoka, daftari limebaki mezani.

*

Mumewe alimsikiliza hadi mwisho. Jua lilikuwa bado linaingia dirishani, likipiga juu ya magunia, na trekta alikuwa ameshaliagiza kwa ajili ya Jumatano.

"Unakwenda kuwaambia," alisema. Halikuwa swali.

"Niliahidi. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo, na nilikohoa!" Alivua kofia, akaitupa juu ya gunia. "Sikiliza. Wewe ukisema kule, kesho kutwa watu wa kituo wanakuja hapa kuchukua magunia haya. Kazi yako imekwenda, na yangu imekwenda. Watoto watakula ukweli?"

"Na wewe ukipanda, utavuna nini? Vumbi?"

"Wanasema labda ikikomaa itapata kinga."

"Nani anasema? Mimi ndiye ninayesema, baba watoto. Mimi ndiye ninayepima. Wao wanasoma daftari langu!"

"Basi subiri siku nne. Nne tu. Daktari asaini barua, halafu uende ukaimbe hata kwa kipaza sauti."

Alikuwa amelifikiria hilo njia nzima kutoka kituoni. Siku nne. Si uongo, ni kuchelewa tu. Watu huchelewa kila siku, magari huharibika. "Watakuwa wameshapanda," alisema. "Yule aliyeuza ng'ombe atakuwa ameshapanda."

Mama mkwe alikuwa mlangoni muda wote, taulo begani. "Mimi yule mwanamke simpendi," alisema. "Kitambaa changu mpaka leo kina rangi ya matofali. Lakini alitembea. Mtu hatembei vile kwa jambo la mchezo." Kisha, kana kwamba amejiudhi kwa kusema hivyo, akaondoka akaenda kugombana na sufuria.

Asubuhi Mama Miche aliosha nywele, akavaa nguo ambazo hazijawahi kuingia bandani, akakagua hata soli za viatu. Trei hakuweza kuibeba, maana angekuwa amewapelekea kutu nyingine nyumbani kwao. Daftari lilikuwa limefungiwa ofisini. Alibeba mkoba, maji na miwani.

Mumewe alikuwa ameketi juu ya magunia, mgongo umemgeukia.

"Nakwenda," alisema.

"Nenda." Kisha akaongeza kwa hasira bila kugeuka: "Na usinitafutie maneno ya kumwambia mwenye trekta. Nitayatafuta mwenyewe."

*

Gari la kwanza lilikuwa zima, la pili bovu. Alipofika ghalani ilikuwa karibu saa sita, wanawake wamejipanga na ndoo na mifuko, na mmoja ameshika kisu kwenye uzi wa gunia la kwanza.

"Ngoja!" Mama Miche alisema akitweta. "Ngojeni."

Mwenyekiti alitoka ndani. Alimtazama viatu, akamtazama uso. "Umekuja," alisema, na kwa sauti ile ilionekana hakuwa ametegemea. "Huyu ndiye Mama Miche, jamani. Mpeni nafasi aseme."

Aliwaambia. Alijaribu kuwaambia taratibu: trei, siku kumi na nne, shahidi, majani ya juu. Alisema Namba Tisa ilipata alama nne, na kwamba kwa anavyojua yeye, kutu iliyoko kando ya mto wao itaila mashambani pia. Alisema mara ya kwanza alikosea, bomba lilikuwa na dawa, akaeleza na hilo. Alidhani wangenyamaza. Wangeumia kimya kimya, labda mmoja angelia.

Walipiga kelele.

"Karatasi iko wapi?"

"Sina karatasi, mama. Kituo hakijatoa."

"Wao wametoa yao, ina mhuri, inasema safi! Wewe una nini?"

"Nina nilichoona."

"Umetumwa na wenye maduka ya mbegu za zamani wewe!"

"Na mashamba tuliyokodi? Tupande nini, macho yako?"

Mwanamke mwembamba aliyesimama nyuma hakupiga kelele. Ndoo yake ilikuwa kubwa kuliko za wengine. "Mimi niliuza ng'ombe," alisema tu. Mama Miche aligundua kwamba hakuwa ameandaa neno lolote la kumwambia mtu huyu, na kwamba njia nzima alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia Daktari.

Mwenyekiti alinyoosha mkono, akachukua kisu kutoka kwa yule aliyekishika, akakitia mfukoni. "Nilimwomba aje na jibu. Kaja na jibu. Kama mlitaka aje na bibi harusi, mngeniambia," alisema. Mmoja wawili wakacheka bila kutaka. "Leteni kitu akalie. Sasa mwulizeni kwa zamu, tena yale anayoyajua."

Wakamletea ndoo iliyogeuzwa. Wakamwuliza. Alijibu aliyoyajua. Mbegu ya zamani nayo hushikwa, lakini ikipandwa mapema na kupigwa dawa mara mbili huacha kitu cha kuvuna. Ina maana ekari chache, si zote. Kuna mbegu nyingine, Kumi na Saba, imehimili, lakini duniani kote iko kilo moja na nusu ndani ya kabati, na ikianza kuzalishwa leo itawafikia baada ya miaka mitatu, kama kuna mtu atakayeizalisha. Aliposema miaka mitatu walipiga kelele tena, naye akasubiri.

Simu ikalia mkobani. Aliiona ni ya Daktari, akaipokea pale pale, maana hapakuwa na mahali pa kujificha kati ya wanawake thelathini na mmoja.

"Uko wapi?"

"Niko kwa kikundi, Daktari."

"Umesema?"

"Nimesema."

Alisikia droo ikifungwa, au labda ilikuwa mlango tu. "Basi funguo za banda mwachie mlinzi," Daktari alisema, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka, jambo lililomuumiza zaidi. Simu ikakatika.

Mama Miche aliirudisha simu mkobani. Alifuta miwani kwa ncha ya blauzi, akaivaa, akamtafuta kwa macho mwanamke mwembamba mwenye ndoo kubwa.

"Samahani, mama," alisema. "Shamba lako ni ekari ngapi? Na maji yanafika upande gani?"